Vitone Vitatu na Mstari

9 Juni

Time kanilazimisha. Jana kwenye simu kasema, "Nunua daftari uandike siku zako, ukirudi unisomee. Mie huku navimba miguu, nataka nijue mwenzangu ulikuwa ukifanya nini." Basi nimenunua, lina picha ya tausi kwenye jalada. Kila siku sitaweza, nasema mapema.

Haya Time, sikiliza. Mumeo Vuai kwenye karatasi za hapa Doha ni dereva wa nyumbani. Kazi yake hasa ni fundi. Tajiri yangu Abu Hamad ana pikipiki za kizamani kumi na moja kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, huku Al Wukair, na mie ndiye ninayezifanya ziwake. Leo imeingia ya kumi na mbili, ndani ya sanduku la mbao kutoka Japani. Nilipolifungua nilicheka peke yangu. Kutu tupu. Tangi limebonyea, kiti kimeliwa na panya, rangi imebaki viraka. Tajiri yeye akaizunguka mara tatu, macho yamemjaa maji. Ni ya mwaka 1952, ya kiwanda kinachoitwa Kurehashi ambacho kilikufa zamani. Anasema duniani zimebaki tano.

Halafu akaniambia: "Vuai, mwezi wa tisa anakuja Mjapani kuikagua. Akiikubali, itapelekwa kwao kwenye maonyesho. Nataka iwake. Ukimaliza hiyo unakwenda kwenu miezi miwili, tiketi juu yangu."

Mwezi wa tisa, tarehe ishirini na nne, ndiyo tarehe ya kujifungua aliyopewa Time na daktari. Sijapata kumuomba Mungu kitu na nikapewa haraka namna hii.

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nami nikiwa huku. Shemeji Salim, kaka yake Time, ndiye aliyemuadhinia sikioni. Mtoto akaishi siku mbili. Wa pili hakufika hata huko. Huyu nataka sauti ya kwanza aisikie iwe yangu. Sitaki kingine mwaka huu.

11 Juni

Sandukuni mlikuwa na kitabu chembamba cha Kiingereza, historia ya kiwanda hicho cha Kurehashi, na nyuma kina michoro ya injini. Michoro naielewa, maneno hayaniingii. Mumbua atanisomea. Mumbua ni Mkenya, Mkamba wa Kitui, anamtunza mama yake tajiri, bibi mkubwa sana asiyeweza kutembea. Bibi akilala baada ya chakula cha mchana, Mumbua anashuka gereji kupata mtu wa kuongea naye.

"Nitakusomea," kasema, "lakini usinisumbue na maswali ya maspana, mimi ni wa kupima pressure."

14 Juni

Ijumaa. Sura ya kwanza. Kurehashi alikuwa fundi wa mashine za kukatia tambi. Vita vikamchukulia chuma chake chote, halafu mabomu yakamchomea karakana. Vita vilipokwisha akapata shehena ya injini ndogo za jeshi, za kuendeshea pampu za maji, hakuna aliyezitaka. Akazifunga kwenye baiskeli, watu wakabebea viazi. Petroli ilikuwa ya mgao, kwa hiyo walichanganya na mafuta ya mizizi ya misonobari, na moshi wake ulinuka hata mbwa wakakimbia.

Mumbua alicheka. Mie nilimpenda yule mtu hapo hapo. Ndiyo kazi yetu hiyo hiyo, kuchukua kilichotupwa na kukifanya kitembee.

16 Juni

Iddi. Wali, nyama, simu kwa Time. Kasema mtoto anapiga mateke kama ana deni naye.

21 Juni

Nimeivua yote. Injini si mbaya, pistoni imeshika lakini itaachia. Fremu ndiyo imenichosha. Aliyeichomelea alikuwa fundi hasa, maungio yamelala vizuri, lakini chini ya shingo ya usukani, pale ambapo huoni mpaka ulale chali, kuna mtu alijaribia tindo. Vitone vitatu na mstari, vimezama hasa. Mzembe gani huyo, kazi nzuri namna ile halafu unaichokora. Nimepitisha grainda kidogo, nikapiga puti juu yake. Sasa pako laini kama shavu la mtoto.

22 Juni

Joto. Spana inaunguza ikiachwa karibu na mlango.

28 Juni

Mumbua kafika sura ya nne, kaanza kusoma habari za wanawake fulani waliokuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha mapangaboi ya ndege, na nyimbo walizoimba. Nikamwambia, dada, ruka hapo, nenda kwenye kabureta.

"Lakini hii ndiyo iko interesting."

"Nyimbo hazitaniwashia pikipiki. Nina wiki kumi na moja. Ruka."

Akaruka. Kabureta iko ukurasa wa hamsini na mbili, na kweli imenisaidia.

5 Julai

Tajiri kaondoka na familia, wamekwenda kwenye baridi ya watu. Watarudi mwanzo wa Septemba. Nimebaki mie, Mumbua, Bibi na mpishi. Nimemuuliza tajiri nimtumie picha kazi ikiendelea? Kakataa. Anataka aione kwa macho yake.

Basi ataiona. Nimeamua kuipiga rangi yote. Kwetu fundi akikurudishia chombo kikiwa bado na kutu, hata kama kinawaka, watu watasema hakukigusa. Kitabu kina picha moja ya rangi, ni kijani iliyokolea na mstari wa maziwa kwenye tangi. Nimekwenda eneo la viwanda, nimechanganyiwa rangi ile ile.

13 Julai

AC ya gereji imekufa. Nimepuliza praima nikiwa na kitambaa chenye maji kichwani. Jasho linadondoka kwenye kazi, nafuta, linadondoka tena. Fundi wa AC anasema Jumanne.

16 Julai

Jumanne. Hakuja.

19 Julai

Rangi imekaa. Wallahi imekaa. Mumbua kaja na glasi ya maji, akasimama mlangoni, akasema, "Aki Vuai, hii ni ile takataka?"

Kanisomea sura ya mashindano. Mwaka 1953 walipeleka pikipiki mbili kwenye mbio za kupanda mlima. Moja ikawaka moto. Ya pili ikafika ya mwisho, dereva anaisukuma kwa miguu, na Kurehashi akamngojea juu na bakuli la tambi. Hawakushinda hata mara moja. Mwaka 1959 viwanda vikubwa vikawa vimewameza, yeye akarudi kwenye mashine zake za tambi na hakuongea tena habari za pikipiki. Mji wake ulikuwa na viwanda vya pikipiki kwa makumi, na wengi ndivyo walivyoishia.

2 Agosti

IMEWAKA. Kick ya kumi na saba. Nimelia kama mjinga. Nimempigia Time nimsikilizishe mlio. Kasema, "Nami nikuwekee simu tumboni usikilize wa kwangu?" Akaiweka. Sikusikia kitu ila mapigo, pengine yake mwenyewe, lakini nimesema nimesikia.

9 Agosti

Time presha imepanda. Daktari kamlaza siku mbili, kamwachia, kasema huenda mtoto asingoje tarehe. Nimempigia tajiri, nimemuuliza kama naweza kwenda sasa, kazi imekwisha. Kwa upole kabisa kasema, "Mjapani anafika tarehe kumi na mbili Septemba. Akiuliza swali la injini nani atamjibu? Tarehe kumi na tatu nenda."

Kumi na tatu. Bado ni kabla ya ishirini na nne. Sawa. Nimesema sawa.

Mie sipendi neno hilo nilivyolisema.

16 Agosti

Nina hali mbaya, na naandika kwa sababu sina wa kumwambia zaidi ya yule aliyeniambia.

Mumbua alishuka leo kabla ya saa yake, kitabu mkononi. Kumbe Bibi leo hakupata usingizi, basi akamsomea zile kurasa tulizoruka. Hakunisalimia. Kasema, "Vuai, kaa chini. Ile fremu ilikuwa na alama yoyote chini ya hapa?" Akashika shingo yake mwenyewe, nyuma.

Nikasema alama gani.

Akanisomea. Wale wanawake wa mapangaboi walikuwa watano. Vita vilipokwisha walifukuzwa kazi, Kurehashi akawachukua, kwa sababu walijua kuchomelea kuliko mwanamume yeyote pale mjini. Fremu thelathini na nane za pikipiki zake za kwanza, za mwaka 1952, ni wao waliozichomelea. Lakini aliogopa wanunuzi. Nani angepanda pikipiki iliyoungwa na wanawake? Kwa hiyo hawakuandikwa popote, si kwenye daftari la kiwanda, si kwenye picha. Wao wakaamua. Kila mmoja akajichagulia alama, akawa anaigonga kwa tindo chini ya shingo ya usukani, mahali ambapo mnunuzi hatalala chali kuangalia. Miaka hamsini hakuna aliyejua, mpaka mmoja wao alipokuja kusema. Anaitwa Fumie. Yuko hai, ana miaka tisini na mitatu. Fremu yake iliyobakia ni moja tu. Na alama ndiyo inayothibitisha kuwa pikipiki ni ya thelathini na nane zile. Bila alama ni kutu iliyopakwa rangi.

"Ya Fumie ni dots tatu na line," kasema Mumbua. "Sasa niambie hukuigusa."

Nikamwambia niliipitishia grainda.

Alikaa juu ya kopo la rangi. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Mie ndiye niliyesema nyimbo haziwashi pikipiki. Ukurasa wa ishirini na sita ulikuwa mkononi mwake, wiki ile ile, puti bado mbichi.

Mjapani hataikubali. Tajiri hatanipa ruhusa. Nikiondoka kwa nguvu sirudi tena, na huyo mtoto na mama yake nitawalisha kwa nini? Na zaidi ya hilo, kuna bibi kizee huko aliyeacha kitu kimoja duniani, mie nikakisaga nikijisifu.

17 Agosti

Nimekwangua rangi na puti pale chini, kipande cha kiganja. Chuma kitupu, kinang'aa. Hakuna kitu.

18 Agosti

Nimeangalia kwa tochi, kwa kioo, kwa kioo cha kukuza cha Bibi. Hakuna kitu.

20 Agosti

Unyevu umeanza. Miwani inaingia ukungu ukitoka nje, shati linaganda mgongoni kabla hujafika getini. Time kasema miguu imevimba hadi magoti. Kaniuliza mbona sauti yangu imekuwa ndogo. Nimesema mafua.

24 Agosti

Bibi kasema nyota ya Suheli imetoka, joto litavunjika. Kila mtu nyumbani kafurahi. Mie sikuona tofauti.

Leo nimechukua kipande cha bomba la chuma nikagonga vitone vitatu na mstari. Nilitaka tu kuona. Imechukua dakika moja. Imetoka sawasawa.

27 Agosti

Nimegonga kwenye bomba mara arubaini.

Mumbua kaliona bomba. "Hiyo ni nini?" Nikamwambia. Kasema, "Sasa Vuai, ukishapoteza kitu ya mtu, unamtengenezea ya uwongo?"

"Na mie nifanye nini? Hebu niambie. Mke wangu presha, mtoto njiani, wewe unaniletea mahubiri."

"Mimi pia nimeacha mtoto, na wewe unajua." Kweli najua. Yuko Kitui na nyanya yake, miaka saba, simu hataki kuishika. "Sikusemi vibaya. Nasema huyo mama bado anaishi. Mwambie bosi."

"Nitamwambia."

Sikumwambia.

30 Agosti

Nimefanya. Baada ya swala ya Ijumaa, nimelala chali chini ya pikipiki, nimegonga tatu, nikagonga mstari. Kisha nimefungua daftari hili kuangalia niliandika nini mwezi wa sita. Ni hivi tu: vitone vitatu na mstari. Sikuandika mstari ulikuwa upande gani. Nimeuweka kushoto. Nakumbuka kama kushoto.

Nikaweka kutu kwa maji ya chumvi, nikafuta, nikaweka tena, mpaka ikaonekana ya zamani. Sijapata kufanya kazi safi namna hii maishani, na sijapata kujichukia namna hii.

6 Septemba

Tajiri karudi. Alipoiona pikipiki alisimama mlangoni. Nilitegemea atanishika bega. Akasema, "Umeipaka yote?" Nikasema ndiyo, yote. Akapitisha kidole kwenye tangi. "Na alama ya chini ipo?"

Kumbe alijua siku zote. Kila anayenunua vitu hivi anajua, ila fundi wake.

Nikasema, "Ipo."

Akalala chali sakafuni na kanzu yake nyeupe, akatazama. Alipoinuka uso ulikuwa umerudi. "Alhamdulillahi," kasema. "Rangi tutamweleza." Ofisi yake huko West Bay ikanikatia tiketi mchana ule ule, tarehe kumi na tatu, saa mbili asubuhi. Nimemtumia Time picha ya tiketi. Kanitumia sauti yake akipiga vigelegele peke yake chumbani.

8 Septemba

Nimenunua nguo ndogo za njano. Sili vizuri.

12 Septemba

Mjapani anaitwa Shimura. Mzee mfupi, mpole, viatu kavua mlangoni mwa gereji, hakuna aliyemwambia. Alipoiona rangi alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino. Kisha akaomba kulala chini. Akalala. Alikaa kule dakika tano, alipotoka akasema kwa Kiingereza kuwa yuko tayari kumpigia simu Bibi Fumie, amemuahidi.

Tulikuwa wote: tajiri, Shimura, mie, na Mumbua aliyemleta Bibi kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu Bibi alitaka kumuona Mjapani. Mumbua alisimama nyuma yangu akinitafsiria kwa sauti ya chini.

Bibi Fumie akatokea kwenye simu, mdogo, nywele nyeupe zimekatwa kama za mtoto. Shimura akamuamkia, akaingiza simu chini ya shingo ya usukani na tochi. Bibi Fumie akauliza kitu. Shimura akasogeza simu karibu. Kisha yule bibi kizee akasema maneno machache, Shimura akabaki vile vile amelala, hakutafsiri. Tajiri akamuuliza, amesema nini?

"Anasema si yake," Mumbua akaninong'oneza Shimura alipojibu kwa Kiingereza. "Anasema line yake iko kulia, yeye anatumia left hand. Anauliza ni nani ameandika hii."

Tajiri akanitazama. Hakuna mtu mwingine wa kutazamwa.

Nikasema, "Mie." Nilisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, tajiri hajui Kiswahili. Kisha nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, yote, tangu grainda mpaka maji ya chumvi. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine yuko chumba cha pili. Mumbua akamweleza Shimura kwa Kiingereza, Shimura akamweleza bibi kizee. Maneno yangu yalipita midomo miwili mpaka kumfikia, na kila mdomo ulikuwa unayasema kwa upole kuliko nilivyostahili.

Akauliza swali moja. Mumbua: "Anasema, ulikuwa na haraka ya nini?"

Nikasema mke wangu anajifungua, nilitaka niwepo.

Jibu likapita midomo ile ile. Bibi kizee alinitazama kwenye kile kioo kidogo. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Akasema, na Mumbua alipata taabu kulitoa: "Anauliza kama utaitoa. Hataki kufa na hiyo ikiwa hapo na jina lake."

Nikasema, "Nitaitoa."

Simu ilipokatwa tajiri alitoka nje kwenye jua bila kilemba, akarudi. Hakupiga kelele. Ningependa apige. "Nilikuambia iwake," kasema. "Sikukuambia ing'ae. Na ulinitazama usoni ukasema ipo, nikalala kwenye sakafu." Shimura akasema kwa taratibu kuwa rangi yote ingeweza kutolewa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, pengine chini bado kuna rangi ya asili kidogo, na pengine kuna njia ya kuitafuta alama. Siku kumi. Lakini anahitaji mtu anayejua alichopaka na wapi.

Tajiri akanigeukia. "Tiketi yako ni ya kesho. Nenda, lakini usirudi kwangu tena. Au baki umalize ulichokiharibu, halafu ondoka na urudi. Chagua mwenyewe, mie sitakulazimisha."

Mumbua kanivuta mkono: "Enda nyumbani, Vuai. Enda tu."

Nilimwambia yule bibi kizee nitaitoa. Nilimwambia Time nitakuja. Nimekaa kwenye kopo la rangi nikahesabu: kumi na mbili na kumi, ishirini na mbili. Ishirini na nne bado. Nitawahi. Nikasema nabaki.

Nimempigia Time. Hakulia. Kasema, "Umechagua chuma."

Nikasema si hivyo.

Kasema, "Basi ni vipi? Nieleze nielewe." Nikaeleza mpaka salio likaisha, na sidhani kama alielewa, na sidhani kama mie nimeelewa.

15 Septemba

Maulidi. Nimekwangua tangi. Dawa ya kutolea rangi inachoma hata juu ya glavu. Shimura anafanya kazi kimya, kila baada ya saa moja ananipa chai.

16 Septemba

Time hapokei. Salim anapokea. "Yuko sawa, shemeji. Kalala."

18 Septemba

Leo Shimura kaniita chini ya shingo. Alileta chupa ndogo ya asidi na pamba. Kanieleza kwa mikono na Kiingereza cha polepole: ukigonga chuma, kilicho chini ya alama kinabanwa hadi ndani. Ukisaga juu, macho hayaoni tena, lakini chuma bado kimebanwa. Asidi inakila tofauti na chuma cha pembeni, na alama inarudi kama kivuli.

Akapaka. Tukangoja. Vitone vyangu na mstari wangu vikakolea, vibaya, vikubwa. Na pembeni, upande wa kulia, ncha ya mstari mwingine ikatokea, nyembamba, urefu wa punje ya mchele. Ikasimama hapo. Alama yake iliyobaki ilikuwa chini ya yangu.

Nilimuuliza, kama nisingegonga?

Alifunga kizibo cha chupa. "Ingerudi yote," kasema. "Grainda haikuiua."

Nimetoka nje nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilikuwa nayo. Tangu mwezi wa sita mpaka tarehe thelathini Agosti ilikuwepo pale, ikingoja mtu aseme kweli. Ningemwambia tajiri kama alivyosema Mumbua, leo ningekuwa kwetu Bumbwini nimeshika mkono wa mke wangu, na bibi kizee angekuwa ameona jina lake. Nimeua vyote viwili kwa nyundo ile ile. Sijui mtu anaombaje msamaha wa kitu kama hiki.

Shimura kapiga picha ile punje ya mchele, kampelekea Bibi Fumie. Jioni akaja na jibu. Kasema imemtosha. Sikuamini, nadhani Shimura kaongeza mwenyewe.

19 Septemba

Fremu nusu. Zimebaki siku tatu. Time kapokea leo, kasema tu, "Njoo salama."

20 Septemba

Ijumaa. Saa nne kasorobo asubuhi simu ililia, nina msasa mkononi. Salim. Kapaaza sauti mpaka Shimura kasikia: "Shemeji, kajifungua! Wazima wote! Mtoto wa kike!" Nyuma yake nikasikia kilio, chembamba, cha hasira. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda ya rangi.

Salim akasema, "Sikiliza. Time kasema nisimuadhinie. Kasema wewe. Naweka simu sikioni kwake, haya, adhini."

Nilinawa kwa maji ya ndoo. Mumbua alikuwa ameshuka, akamvuta Shimura wakasimama nje ya mlango. Nikaweka simu mbele yangu juu ya kiti cha pikipiki, nikaelekea kibla, nikaweka kidole sikioni. Sauti ilitetemeka takbiri ya kwanza, ya pili ikakaa. Niliadhini taratibu, kama kwa msikiti mzima. Niligeuka kulia, nikageuka kushoto. Nilifika mwisho, la ilaha illallah, na nikabaki nimesimama, sitaki kushusha mkono, kwa sababu miezi yote hii hiki ndicho nilichokuwa nakitaka na nilikuwa nimekipata.

Nikachukua simu nimwambie Time neno. Kioo kilikuwa cheusi. Nikapiga, haikushika. Nikapiga tena. Mara ya nne akapokea Salim.

"Ilikata, shemeji," kasema. "Mtandao wa huku unaujua. Tulikusikia takbiri, ukaanza shahada, ikakata. Nilingoja, nikaona hairudi, mtoto anangojewa kupelekwa kwa mama. Nikamalizia mie. Usihuzunike."

Nikasema sikuhuzunika, nipe Time. Kasema Time kalala.

Adhana yote iliyobaki, tangu shahada mpaka mwisho, na ndiyo niliyoitoa kwa sauti nzuri, hakuisikia mtu. Nimeiadhinia pikipiki.